Mishikaki ya Kafia

Miaka ile ya hamsini, msafiri aliyefika Garsen jioni alilala Garsen. Kivuko kilikuwa kikivutwa kwa kamba, na wavutaji waliacha kazi jua linapoanza kushuka, uwabembeleze au uwatukane. Basi msafiri alishusha pumzi, akanawa miguu mtoni huku jicho moja likiangalia mamba, kisha akauliza swali ambalo kila mtu pale aliweza kulijibu: kwa Kafia ni wapi?

Kwa Kafia palikuwa banda la mabati lenye meza tatu na mkeka mmoja mkubwa. Chai yake ilipikwa kwa maziwa ya Waorma, maziwa yenye harufu ya moshi, na mishikaki yake ya mbuzi ilisifiwa Lamu na Malindi na watu ambao si rahisi kusifu cha mwenzao. Yeye mwenyewe alizaliwa Bura, juu huko kwenye nchi kavu, akaletwa Garsen na mumewe Gure, aliyekuwa na duka la sukari na nguo. Gure alikufa kwa homa mwaka wa arobaini na tisa. Ndugu zake Kafia walipokuja kumrudisha mjane Bura, alikataa, akavunja rafu za duka, akatengeneza meza.

Watu walisema mwanamke huyu ana moyo wa simba. Hawakumjua. Alibaki Garsen kwa sababu aliogopa safari. Kafia aliogopa mamba, aliogopa radi, aliogopa karatasi yenye muhuri na kila aliyevaa kofia ya serikali. Alipoingiwa na hofu hakupiga kelele wala hakukimbia. Alinyamaza, akashika kitambaa, akaanza kupangusa meza. Wateja waliziona meza zinavyong'aa wakamsifu kwa usafi.

Mwaka wa hamsini na saba mvua ilinyesha milimani bila huruma, na Tana ikafura. Kivuko kilifungwa. Barabara ya Malindi ikaingia majini, ya Lamu ikafuata, mashamba ya Idsowe yakawa ziwa, na Garsen ikabaki kisiwa chenye maduka machache, mbuzi wengi na wasafiri saba waliokwama. Walikuwepo wafanyabiashara wawili wa ng'ombe, mzee mmoja wa Ngao na wanawe wawili watu wazima, askari mmoja wa Kiorma jina lake Mahadi, na dereva wa lori, Abdirahim.

Siku ya kwanza walilaani. Ya pili walilala. Kufika ya nne wakaanza kuonja raha ya kutokuwa na pa kwenda. Mahadi alivua kofia na viatu, bunduki akaining'iniza kwenye nguzo ya Kafia kama mwamvuli. Mchana walicheza bao. Jioni wale wawili wa ng'ombe waliimba nyimbo za ngamia, mzee wa Ngao akawajibu kwa nyimbo za kanisani, na hakuna aliyekasirika. Mtu ungedhani wamelipiwa mapumziko. Kafia alipika asubuhi, akapika mchana, akapika jioni.

Aliyetaka zaidi ya chai alipita nyuma ya maduka, akafuata tuta lililokuwa bado juu ya maji, mpaka kwenye kibanda cha Kuno. Kuno alikuwa Mpokomo mcheshi, mgema wa mikoma, na pombe yake ilikuwa changa asubuhi na kali jioni. Kafia hakuwahi kukanyaga huko. Lakini alijua nani huenda, na aliyemjua kuliko wote ni Abdirahim.

Kwa hesabu ya ukoo Abdirahim alikuwa mtoto wa kaka yake. Mama yake, Lul, alikuwa mchaji Mungu wa pale Bura, na kijana hakuwa na mwingine duniani anayemwonea haya kama mama huyo. Kila jioni alikuja kwa Kafia akiwa amechana nywele.

"Shangazi, nifungie zangu. Nitakula kwenye lori."

"Kwenye lori," Kafia aliitikia, akimfungia mishikaki minne kwenye jani la mgomba. Lori lilikuwa upande wa kushoto. Abdirahim alitoka akapinda kulia. Shangazi aliinama kwenye moto asione. Kusitiriana huko kulikuwa mapenzi yao.

Sasa nimtaje Jarso, maana bila yeye hakuna kisa. Jarso alikuwa Mwaata, mwindaji mzee wa msituni, mtu wa maneno machache na asali nzuri. Miaka ile serikali iliwashupalia wawindaji wa mishale; vibanda vyao vilipekuliwa mpaka majivu. Maji yalipofika mlangoni kwake, alikuja kwa Kafia alfajiri na mzigo wa fito nyembamba uliofungwa kwa kamba ya ukindu.

"Mama, hii naweka kwako, juu ya kuni. Wewe usichome moto."

"Sichomi."

Mtu mwingine angeuliza: fito gani hizi za kufichwa alfajiri? Kafia hakuuliza. Askari alikuwa amelala mkekani hatua ishirini kutoka pale, na jibu la Jarso, lolote lile, lingekuwa jambo jingine la kumnyima usingizi. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Kafia aliliona giza lina nafuu yake.

Vijiti vyake vya mishikaki vilikuwa vya mkone, na alivikata mwenyewe kwenye kichaka ng'ambo ya barabara. Kichaka sasa kilikuwa majini. Siku ya nane vile vya zamani vilikuwa vimeungua ncha zote, nyama imekatwakatwa, wateja wananusa hewa. Akazikumbuka fito za Jarso. Aliambiwa asizichome, naye hakuzichoma. Alichomoa mbili, akazikata vipande, akazimenya ganda, akazichonga ncha. Utomvu kidogo ulimganda vidoleni, akaupangusa kwenye shuka. Mpokomo yeyote, Mgiriama yeyote, angeutambua mti ule kabla haujamenywa. Huko Bura alikozaliwa Kafia hauoti, na yeye alikuwa hajawahi kuushika maishani mwake.

Walikula baada ya magharibi. Abdirahim alifungiwa minne yake, akapinda kulia. Wengine sita walikaa mkekani wakala mpaka wakalamba vidole, na mzee wa Ngao akasema leo nyama ina ladha ya ziada, chungu kidogo, kama figili. Kafia mwenyewe alikuwa ameonja kipande kimoja tu, kuangalia chumvi.

Jarso alikuja kunywa chai yake jikoni, akichuchumaa nyuma ya jiko kwa sababu hakupenda kukaa na askari. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye kikombe ukasimama. Aliokota ganda chini, akalinusa, akalivunja, akalinusa tena.

"Mama. Hii nakata wapi?"

"Kwenye mzigo wako. Sikuichoma, Jarso. Nimechonga vijiti tu. Nitakutafutia fito nyingine."

Jarso aliweka ganda chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Hii msungu," alisema. "Hii mimi nachemsha, napaka mshale. Ndovu nakufa."

Nje, mkekani, mmoja alisema kitu na wote wakacheka. Jarso akauliza.

"Nani nakula?"

"Wote."

"Pengine nakufa, pengine hapana. Mimi sijui. Hakuna mtu mwingine napika hivi." Alikuwa ameshasimama, mzigo wake begani. "Natapika sasa hivi, napona. Nakaa, nakufa." Akapita mlango wa nyuma, akaingia kwenye mtumbwi wake, na Garsen haikumwona tena.

Kafia alibaki na maneno manne ya kusema. Nyama ina sumu, tapikeni. Mtoto wa miaka mitatu angeweza kuyasema. Alikwenda mpaka mlangoni, akafungua mdomo, akaiona bunduki ya Mahadi kwenye nguzo. Sumu ya mshale imekutwa wapi? Kwa Kafia. Nani aliitia kwenye nyama ya askari wa serikali? Kafia, mjane wa Kisomali, asiye na mume wala ndugu karibu. Miaka ile watu walinyongwa kwa madogo kuliko hayo, na kila mtu alikuwa amesikia. Shingo yake ilimwasha. Akafunga mdomo, akarudi jikoni, na mkono wake wenyewe ukatafuta kitambaa.

Lakini kupangusa hakumtapishi mtu. Hofu ya kunyongwa ilimvuta huku, hofu ya maiti sita kwenye mkeka wake ikamvuta kule, na katikati ya hofu mbili akapata ujanja. Kwao buni hukaangwa kwa samli, ikaombewa dua, ikapitishwa, na mgeni haikatai, hata awe ameshiba vipi. Kuikataa ni kuikataa dua. Akakaanga buni. Akamimina samli, si kijiko, bakuli zima, akaongeza maji ya moto, akatia chumvi mikono miwili, halafu, Mungu amsamehe, akakwangua ndani yake kipande cha sabuni ya kufulia.

"Hii ni ya kuomba maji yapungue," alisema akiwagawia, macho ameyainamisha, wakadhani ni unyenyekevu. "Kila mtu amalize yake. Dua nusu hairudi."

Mahadi alisoma dua. Wakanywa. Hata wale wa Ngao, Wakristo, walikunywa, kwa heshima. Haikupita muda mrefu mzee akasimama ghafla, na baada yake wote, mpaka ukuta wa nyuma wa banda ukawa na watu sita wameinama mstarini. Kafia alikuwa wa saba. Alikunywa na yeye bakuli lake, akatapika mpaka machozi, na kila aliposikia mwingine anatapika alimshukuru Mungu. Waliketi wakilalama. Mahadi alisema hajawahi kuona mpishi aliyeharibu jina lake kwa usiku mmoja namna hii. Kafia akamwomba radhi. Jina liende, alisema moyoni, jina si kitu.

Kisha akachukua fanusi, kwa sababu wasafiri walikuwa saba, na wa saba hakuwa pale.

Tuta lile halikuwa pana kuliko mkeka wa kulalia. Maji yalikuwa pande zote mbili, meusi, yakisukuma vijiti na nyasi, na mara mbili kitu kizito kilitumbukia karibu naye. Kafia alilia kwa woga akitembea. Lakini alitembea, hilo lazima asifiwe. Alisikia vicheko vya kibandani, na Abdirahim alikuwa mmojawapo, kicheko chake cha kukatikakatika alichorithi kwa baba yake. Moyo ukamtulia kidogo. Aliye hai hucheka.

Mwangaza wa fanusi ulipofika, vicheko vilikatika. Wanaume watano walikaa kimya, vibuyu vimepotea nyuma ya migongo. Kuno alisimama.

"Karibu, mama. Kuna shida?"

"Namtafuta Abdirahim."

"Hayupo, mama. Leo hajafika kabisa."

"Nimesikia sauti yake."

"Umemsikia huyu," Kuno akasema, akimwonyesha mtu mmoja ambaye aliinua mkono kwa adabu. "Kicheko chao kimoja. Abdirahim amelala kwenye lori."

Tusimlaumu Kuno haraka. Rafiki wa kunywa naye akifuatwa na shangazi yake, wewe ungefanyaje? Ungemfunika. Katika ule mji kumfunika mwenzako ilikuwa dini ya pili.

"Ile nyama niliyomfungia," Kafia alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ameila?"

"Hajaila. Alinipita jioni akasema tumbo limemjaa. Aliwatupia mbwa."

Kafia aliinamisha fanusi. Karibu na unyayo wa Kuno alikiona kijiti cheupe, kimemenywa, kimechongwa ncha kwa kisu chake. Kuno akasogeza mguu, akakikanyaga. Walitazamana. Yeye Kuno alidhani mama huyu anaumia kwa sababu kijana wake amekula nyama halali kwenye kibanda cha pombe, akamwonea huruma, akazidi kukificha. Na Kafia, aliyekiona kijiti, alimshukuru kwa uongo ule. Aliutaka. Aliupokea kama mgonjwa anavyopokea maji.

Neno lilikuwa ulimini. Sumu. Angelisema, watu wote watano wangeruka. Lakini kati ya watano wale wawili walikuwa jamaa za Mahadi, na kesho yake Garsen nzima ingejua alichowanywesha wenzao na kwa nini.

"Mkimwona," alisema, "mwambieni aje kwangu mara moja. Nimepika buni ya dua."

"Tutamwambia, mama."

Mlevi anayenuka pombe hawezi kwenda kwenye dua. Hilo Kafia alilijua. Alilijua akiwa anasema, alilijua akiwa njiani kurudi, na alipofika kwake alipita kwenye lori, akagonga mlango, akaita mara tatu. Palikuwa kimya. Akajiambia amelala.

Alfajiri Kuno alikuja peke yake, kofia mkononi. Alisimama mlangoni bila kubisha.

"Mama, nilikudanganya," alisema. "Alikuwepo. Ulipokuja alikuwa nyuma ya ukuta wa makuti, amejibana hapo mdomo kauziba kwa mkono. Baadaye akaanza kusema moyo wake unakohoa, kama injini iliyoingia maji. Tukamwambia tumwite shangazi. Akasema msimwite, atamwambia mama. Tukamlaza. Tulidhani ni ulevi."

Kafia aliuliza alikufa saa ngapi, kana kwamba ndilo la kuuliza.

"Ilikuwa kali sana, mama. Ile pombe ya jana ilikuwa kali sana. Ni mimi niliyemuua." Na Kuno, yule mcheshi, akakaa chini kizingitini akalia kama mtoto. Kafia alimsikiliza. Alikuwa na maneno ya kumwondolea mzigo ule, uliokuwa wake, si wa Kuno. Alishika kitambaa akapangusa meza iliyokuwa safi.

Walimzika Abdirahim mchana, mahali pakavu karibu na maduka. Kuno alivunja vibuyu vyake vyote, akashuka Kau kulima, na hakupanda mkoma tena maisha yake yote. Watu walisema pombe ni mbaya jamani. Walipotaka kucheka walikumbushana buni ya Kafia, na Mahadi alikuwa akiieleza vizuri zaidi kila siku. Hakuna aliyeunganisha hili na lile. Usiku Kafia alilala akisikiliza kama kuna anayeunganisha. Kila kiatu kilichopita nje kilikuwa kinamjia yeye.

Maji yalipungua. Lori la kwanza kutoka juu lilipofika kivukoni, alishuka mwanamke mrefu mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa Lul. Alipelekwa kaburini, akakaa huko mpaka adhuhuri, kisha akaja bandani kwa Kafia, akaketi kwenye mkeka. Walilia pamoja. Kafia alimpa chai, hakuinywa.

"Wifi yangu," Lul alisema, "wameniambia amekufa na pombe. Sitaki kulijua hilo, ni la Mungu na yeye. Mimi nimekuja kuuliza jambo moja. Alikula? Alikufa na njaa?"

"Alikula."

"Nani alimlisha?"

"Mimi."

Lul alivuta pumzi ndefu, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu ashuke. Akauchukua mkono wa kulia wa Kafia, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, akaanza kuuombea. Mkono uliomlisha mwanangu usikose chakula. Mkono huu usiungue. Mkono huu uingie peponi kabla yangu.

Kwa miaka arobaini na mitano Kafia alikuwa ameogopa kila kitu, akadhani hakuna hofu asiyoijua. Hii hakuijua. Kila neno la dua lilimpanda mkononi kama siafu. Kitanzi kingekuwa rahisi. Akauvuta mkono.

"Acha, wifi. Usiuombee."

Na akasema. Alisema fito, alisema vijiti, alisema Jarso na neno lake. Alisema buni na sabuni. Alisema tuta, na kibanda, na kijiti chini ya unyayo wa Kuno. Hakujitetea, wala hakulia. Nje watu wa kivuko walikuwa wakiitana, kamba inavutwa.

Lul alisikiliza mpaka mwisho. Aliuangalia mkono ule uliokuwa sasa umelala mkekani kati yao.

"Ulipokuwa umesimama pale," aliuliza, "na neno unalo mdomoni. Yeye alikuwa mbali kiasi gani na wewe?"

Kafia alitazama huku na huku, akitafuta kipimo.

"Kama kutoka hapa mpaka mlangoni."

Lul akageuka, akautazama mlango.